Deni la Asiyejua

Katika mila zetu, na katika sheria pia, watu wamekwisha kukubaliana kwamba mwenye kukosa kwa kusudi si sawa na mwenye kukosa bila ya kujua. Mtu akiuvunja mtungi wa jirani yake kwa chuki, huyo ni mkosaji. Akiupiga kumbo gizani ukavunjika, hana kosa. Hapo sote tunaafikiana. Lakini mtungi umevunjika, maji yamemwagika, na mwenye mtungi kesho hana cha kutekea. Ndipo linapozuka swali ambalo si jepesi kama tunavyodhani: ikiwa mvunjaji hana kosa, je, hana deni? Na akifa kabla hajalipa, deni hilo nalo huzikwa pamoja naye?

Nimelifikiri swali hili kwa miaka mingi kwa ajili ya mambo ya watu. Siku hizi nalifikiri kwa ajili ya ndege mmoja ambaye sijapata kumwona na sitarajii kumwona. Anaishi mbali nasi mno, katika kisiwa cha Maui, kimoja kati ya visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Wenyeji wa huko humwita akohekohe. Wataalamu wamempa jina la Sanford Dole, yule aliyeongoza serikali baada ya Malkia Liliuokalani kupinduliwa mwaka 1893. Lakini ndege hakuulizwa katika hilo, nasi tutamwita kwa jina la nyumbani kwake.

Akohekohe ana urefu wa sentimeta 18 hivi. Mwili wake ni mweusi ulionyunyiziwa madoa na michirizi ya kijivu kama mvi za mzee, kisogoni ana rangi ya chungwa iliyokolea, na juu ya paji la uso, karibu na mdomo, ana kishungi cha manyoya meupe kilichosimama mbele. Chakula chake kikubwa ni mbochi, yaani yale maji matamu yaliyomo ndani ya maua, na mti aupendao kuliko yote ni ohia, ambao maua yake mekundu hufanana na brashi. Anapoinama kunywa, kile kishungi hujaa chavua, naye huichukua mpaka ua la pili na la tatu. Kwa hiyo kila anapokula huwa anaupandia mti mbegu za kesho. Ndege huyu ni wa msitu wa mvua tu, katika miteremko ya mlima wa volkano uitwao Haleakala. Zamani alikuwako pia kisiwa cha jirani, Molokai, lakini huko alitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Leo hana kwao kwingine duniani ila Maui.

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna haja ya kuelezwa sana maana ya jambo hilo. Pemba nako yuko chozi wake, ndege mdogo anayemeremeta, naye pia ni mnywaji wa mbochi, na hapatikani bara wala Unguja. Huyu wetu, alhamdulillahi, hajafikwa na makubwa. Huonekana mpaka mabustanini mwa watu. Hana udugu wa damu na akohekohe. Ni kazi tu iliyowafanya wafanane midomo, kama wafua chuma wa nchi mbili wanavyofanana mikono. Lakini anayemjua chozi wa Pemba anaweza kufahamu ni kitu gani kisiwa kuwa na ndege wake, na ni kitu gani kumpoteza.

Sasa nitasimulia jinsi mtungi ulivyovunjika.

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, Hawaii haikuwa na mbu. Si kwamba mbu walikuwa wachache, hawakuwako kabisa. Bahari ilikuwa pana mno kwa mdudu yule kuivuka. Habari zilizoandikwa baadaye zasema kwamba mwaka 1826 jahazi moja kubwa, Wellington, lililotoka pwani ya Mexico, lilitia nanga Lahaina, katika kisiwa hichohicho cha Maui. Mabaharia walikwenda kujaza maji mapya, na kabla ya kuyajaza wakayamwaga yale ya zamani katika kijito. Ndani ya maji hayo mlikuwa na viluwiluwi. Haukupita muda, wenyeji wakaanza kulalamika kwamba kuna kitu kipya kinachowaimbia masikioni usiku.

Basi ni hilo tu. Watu wenye kiu walimwaga maji machafu wakateka masafi. Hata mimi nawe tungalifanya hivyo. Mbu aliyeshushwa siku ile ni yule tunayemjua sana huku kwetu: yule wa vyooni na katika mitaro ya maji machafu, ambaye Unguja na Dar es Salaam amewatia wengi matende na mshipa. Wakati ule hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyejua kwamba mbu hubeba maradhi. Baadaye vikaja visiwani ndege wa kigeni, wa kufugwa na wa kufunguliwa, na pamoja nao yakaja malaria ya ndege. Malaria hiyo haimdhuru binadamu. Lakini ndege wa Hawaii walikuwa wameishi mamilioni ya miaka bila ya kukutana na kitu kama hicho, na damu zao hazikuwa na silaha. Wataalamu walipomjaribu mmoja wa jamaa zake, aitwaye iiwi, waliona kwamba kuumwa mara moja tu na mbu mwenye vimelea kulitosha kuua ndege tisa katika kila kumi.

Jamaa hiyo ya ndege ilikuwa na spishi zaidi ya 50, zote zimetokana na mzazi mmoja aliyepotelea visiwani humo zamani za kale. Leo zimebaki 17. Sitaki kumtwika mbu mzigo wote. Wahawaii wa mwanzo walifyeka misitu ya chini, na panya walikuja katika mitumbwi yao. Nahodha Vancouver alimpelekea mfalme Kamehameha zawadi ya ng'ombe mwaka 1793, na ng'ombe hao wakazaana wakala msitu. Yakafuata mashamba makubwa ya miwa. Lakini mbu ndiye aliyewafuata ndege mpaka walikokimbilia. Walionusurika ni wale waliokaa juu mlimani penye baridi, kwa sababu vimelea vile haviwezi kukomaa ndani ya mbu pakiwa na baridi chini ya nyuzi 13 hivi. Baridi ndiyo iliyokuwa ngome ya akohekohe. Mwaka 1980 walikadiriwa kuwa karibu 3,800. Hesabu ya mwaka 2017 ilitoa chini ya 2,000. Dunia inazidi kupata joto, mbu anapanda mlima mwaka hadi mwaka, na ndege hana pa kwenda, maana juu ya msitu ni majani makavu na mawe, na juu ya mawe ni mbingu.

Hebu sasa turudi kwenye swali letu. Nani anadaiwa?

Jawabu la kwanza linalomjia mtu ni kusema hakuna. Mabaharia hawakukusudia. Tena wamekwisha kufa wote, na mifupa yao hatujui iliko. Na waliopo leo hawakumwaga maji yoyote. Jawabu hili lina sura ya haki, na kwa muda mrefu lilinitosha. Lililonizindua ni jambo dogo lililotokea katika ukoo wetu.

Marehemu baba yetu aliwahi kuchoma majani katika shamba lake wakati wa kiangazi. Upepo ukageuka. Moto ukaruka mpaka, ukaingia kwa jirani, ukaunguza mikarafuu michanga ambayo yule bwana alikuwa ameipanda kwa jasho lake. Baba alikwenda usiku uleule kumtaka radhi, na akaahidi kulipa. Jirani alikuwa muungwana, hakumbana. Miaka ikapita, baba akafariki. Baada ya khitma yule jirani alikuja akakaa barazani, akalitaja jambo lake kwa sauti ya chini, kama mwenye kuona haya. Mdogo wangu mmoja alisema maneno ambayo sote, nadhani, tulikuwa nayo moyoni: baba hakukusudia, na sisi hatukuwasha moto. Ami yetu, ambaye siku zote alikuwa mtu wa maneno machache, akamwuliza: "Nani kasema umewasha moto, mwanangu? Mimi nakuuliza, shamba unalichukua au hulichukui?"

Hapakuwa na jawabu la swali lile, maana shamba tulikuwa tunalichukua. Tulilipa kwa karafuu, misimu mitatu.

Maneno ya ami yalinifunza kutenganisha vitu viwili ambavyo mara nyingi tunavifunga kamba moja: hatia na deni. Hatia inakaa katika moyo wa mtu. Haiwezi kurithiwa, kwa sababu hakuna arithiye moyo wa mwenzake. Baba hakuwa na hatia, sisi tulikuwa mbali nayo zaidi. Lakini deni halikai moyoni. Linakaa katika mali. Ndiyo maana katika dini yetu deni la marehemu hutolewa kwanza, kisha ndipo mirathi igawanywe. Asiyetaka kulipa deni ana njia moja ya uadilifu: aikatae na mali. Asichoweza kufanya ni kupokea shamba kwa mkono wa kulia na kusukuma moto kwa mkono wa kushoto.

Nikaitazama Maui kwa jicho hilo. Majahazi yaliyoleta mbu ndiyo yaliyoleta biashara. Biashara ikaleta bandari, mashamba ya miwa, utajiri na baadaye mahoteli ya watalii. Kiwanda cha mwisho cha sukari kisiwani humo kilifungwa mwaka 2016, lakini mali iliyotokana na bahari ile iliyofunguliwa bado iko, na wako wanaoila. Hao, na nchi inayovitawala visiwa hivyo tangu mwaka 1898, wamelichukua shamba. Hawana hatia ya mwaka 1826. Deni wanalo. Na Mhawaii maskini, ambaye bandari ile ilimwondolea ardhi na ufalme wake, sioni kwamba anadaiwa sawasawa na mwenye hoteli. Mirathi hulipa kwa kadiri ya mafungu.

Lakini atatokea msomaji atakayeniuliza: deni hudaiwa na mdai, je, ndege anadai nini? Jirani yetu alikuja barazani kwa miguu yake. Akohekohe hakuja kwa mtu. Hajui kwamba anatoweka. Kila mmoja wao hufa kifo chake tu, kama ndege walivyokufa tangu dunia kuumbwa, na yule atakayekuwa wa mwisho hataujua umwisho wake.

Swali hili ni zito, na baadhi ya majawabu yaliyozoeleka hayanitoshi. Wako wasemao tumlinde ndege kwa sababu ya faida: ndiye anayepelekea ohia chavua, na ohia ndiyo inayokamata ukungu na mvua na kutunza maji ya kisiwa. Ni kweli, lakini ni ukweli wenye mguu mmoja. Wako nyuki walioletwa Hawaii na watu, nao pia huyaendea maua ya ohia. Kesho ikionekana kwamba nyuki wanaweza kuifanya kazi ile peke yao, je, tutasema sasa ndege na afe? Aliyewekewa ulinzi kwa sababu ya utumishi wake atafukuzwa siku atakapopatikana mtumishi wa bei nafuu. Tunawajua wazee wetu waliotupwa kwa hesabu za namna hiyo.

Mimi naona afadhali tumtazame mtoto aliye tumboni. Baba akifa na mama ni mjamzito, mtoto yule huwekewa fungu lake. Hana sauti, hana jina, hajui kama kuna kitu kinachoitwa mali. Hakuna hata mmoja anayesema kwa kuwa hadai hana haki. Kinyume chake, tunaona aliye dhaifu kuliko wote ndiye ambaye fungu lake ni haramu zaidi kuguswa. Kudai ni njia ya kuifikia haki, haki yenyewe iko kabla ya sauti. Kwa yatima tumekwisha kulikubali hilo. Sioni ni kwa hoja gani tutaligeuza kwa kiumbe mwingine, ila kwa hoja kwamba yeye ana manyoya.

Tena kufa na kwisha ni vitu viwili. Akohekohe mmoja akifa, amekufa akohekohe, na wengine wapo. Wa mwisho akifa, huenda yeye mwenyewe hakupata maumivu zaidi ya wale waliomtangulia, lakini kumefungwa mlango ambao watoto wake wangalipitia bila ya mwisho. Mauti ni sehemu ya mkataba ambao kila chenye roho kimeingia nao duniani. Kwisha kwa sababu ya pipa la maji hakukuwa katika mkataba huo.

Nitaongeza jambo moja, kwa sababu linatugusa sisi tuliokaa huku tukidhani kwamba deni hili ni la watu wa Pasifiki. Mimi nimeugua malaria mara nisizoweza kuzihesabu, na sidhani kama yupo katika wasomaji wangu wa pwani ambaye hajapata kumzika mtu aliyeuawa na homa hiyo. Tunalala chini ya vyandarua kwa sababu tunajua kwamba malaria huletwa na mbu. Je, tulijuaje? Mwaka 1897 daktari wa jeshi la Kiingereza huko India, Ronald Ross, aliviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Lakini safari yote ya vimelea, kutoka damu mpaka mbu na kutoka mbu mpaka damu, hakuithibitisha kwa binadamu. Mwaka 1898, huko Calcutta, aliithibitisha kwa ndege wadogo, kwa malaria ya ndege na kwa mbu wa jamii ya huyuhuyu wa vyooni. Kwa kazi yake hiyo juu ya malaria alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1902. Maana yake ni kwamba elimu iliyookoa watoto wetu ilitolewa katika damu za ndege, kutokana na maradhi yaleyale yanayowamaliza ndege wa Maui. Sisemi kwamba kwa hiyo kila mwenye chandarua amwandikie hundi akohekohe. Nasema tu kwamba asituambie mtu kuwa habari hii haituhusu. Ndege walitufunza adui yetu ni nani. Ni haki nasi tukijua adui yao ni nani tusinyamaze.

Sasa malipo. Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba kila deni lina sarafu yake tayari mfukoni. Hapa ndipo jambo linapokuwa la ajabu. Tangu Novemba 2023, watu wa Maui wanajaribu kulilipa deni la mbu kwa kuleta mbu wengine. Hukuzwa madume tu, ambayo hayaumi mtu wala ndege. Ndani ya miili yao huwa na bakteria wa namna iliyo tofauti na ile waliyonayo majike wa msituni, hata jike akipandwa na dume huyo mayai yake hayaanguliwi. Madume haya hurushwa msituni kwa helikopta, na tangu mwaka 2025 hata kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na yamekwisha kutolewa makumi ya mamilioni. Matarajio ni kwamba mbu watapungua kizazi baada ya kizazi, na ndege wapate kupumua.

Msomaji wa Unguja hatastaajabu sana. Kati ya mwaka 1994 na 1997 tuliona jambo la ukoo huohuo. Madume ya mbung'o, yaliyokuzwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, yaliangushwa kutoka angani juu ya kisiwa chetu kwa mamilioni, mpaka mbung'o waliokuwa wakiua ng'ombe kwa nagana wakatoweka Unguja kabisa. Sikusikia wakati ule watu wengi wakijadiliana kama ni halali kumfuta mdudu kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe ana bei sokoni. Swali la uhalali huwa kubwa pale tu anayeokolewa anapokuwa hana bei.

Hata hivyo, hofu ya baadhi ya watu wa Maui siidharau. Wako waliokwenda mahakamani mwaka 2023 kutaka kazi hiyo izuiliwe, wakihofu kwamba binadamu anayetawanya wadudu asiwajue mwisho wao anarudia lilelile la mwaka 1826. Mahakama haikuwakubalia, lakini swali lao ni la kiungwana. Ni kweli kwamba madhara mengi ya visiwa yaliletwa na watu waliodhani wanatengeneza. Tofauti ninayoiona mimi ni hii. Mabaharia walimwaga maji bila ya kutazama. Hawa wametazama miaka, wameuliza, wamepima, na wanaweza kusimamisha wakiona kombo, kwa kuwa madume yale hayazai. Mbu mwenyewe hakuwa mwenyeji wa Hawaii, basi akiondoka hapaachwi pengo lililokuwa limejazwa tangu mwanzo. Kutojua kunaweza kumwondolea mtu hatia mara ya kwanza. Mara ya pili hakumwondolei, kwa sababu sasa anajua kwamba hajui, na anayejua hilo amefungwa na wajibu wa kuuliza.

Na hapa ndipo udhuru wetu sote wa leo unapokatika. Joto linalompandisha mbu mlimani halikuletwa na jahazi la Wellington. Linaletwa na moshi wa siku zetu, na hakuna awezaye kusema kwamba hatukuambiwa. Wasiojua walimleta mbu mpaka chini ya mlima. Wanaojua ndio wanaompandisha. Sikatai kwamba mafungu hayalingani, wala kwamba moshi wa mvuvi wa Nungwi si sawa na wa miji mikubwa ya Marekani, Ulaya na China. Nasema kwamba kuhusu sehemu hii ya habari neno "bila ya kujua" limekwisha muda wake.

Lipo pingamizi moja zaidi, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Tarehe 8 Agosti 2023, Lahaina, mji uleule mbu alikoshukia, uliteketea kwa moto. Watu zaidi ya 100 walikufa na maelfu wakakosa makao. Miezi mitatu baadaye helikopta zilikuwa zikiwapelekea ndege msaada wao. Mtu aliyepoteza nyumba na mama yake, akitazama juu na kuziona, tumwambie nini?

Mimi nisingemwambia kitu, ningekaa naye. Lakini nafsini mwangu nisingekubali kwamba deni moja hufuta jingine. Ami yetu hakutuuliza kama tuna matanga. Alijua tuna matanga. Waliofiwa Lahaina wana haki kubwa, na yeyote anayeipunguza haki hiyo kwa kisingizio cha ndege amedhulumu. Lakini mara nyingi nimeona kwamba anayesema "watu kwanza" pindi wanapotajwa ndege, huwa hasemi "watu kwanza" pindi zinapotajwa hoteli. Maskini huwekwa mbele ya mlango ili mdai asiingie, na mdai akiondoka maskini naye huambiwa ajiondokee.

Inawezekana pia kwamba malipo yamechelewa. Mwaka 2019 walijaribu kuwahamisha ndege 14 wa aina nyingine ya kisiwa hichohicho, waitwao kiwikiu, wakawapeleka upande wa pili wa mlima kwenye msitu uliokuwa ukipandwa upya. Takriban wote walikufa kwa malaria kwa muda wa wiki chache tu. Mbu walikuwa wamekwisha kufika. Walioifanya kazi ile walikuwa wameiandaa miaka mingi. Huenda na akohekohe watoweke nasi tukiwa bado tunatawanya madume ya mbu. Je, itakuwa tumetupa mali bure?

Sidhani. Mwenye deni hatakiwi kuwa na hakika kwamba malipo yake yatamtajirisha mdai, anatakiwa kulipa. Ile mikarafuu ya jirani yetu haikufufuka kwa karafuu zetu. Alipanda mingine, na miaka ya kuingoja hatukuweza kumrudishia, wala hakuna anayeweza. Lakini tangu siku ile tulipokutana njiani tuliamkiana kama watu ambao hakuna kitu kilichofichwa baina yao.

Kwa akohekohe hatutaamkiana. Tukimlipa hatashukuru, tukimdhulumu hatalaumu, na kwa ajili hiyo hasa nadhani yeye ni mizani nzuri ya kumpimia mtu. Kumlipa anayeweza kukushitaki ni busara, na kumlipa anayeweza kukusifu ni biashara. Kumlipa asiyejua hata kwamba anakudai, hilo sijalipatia jina jingine ila uadilifu.